Dawa za Chiriku Ziko Njiani

Shangazi alikuwa amepiga magoti, mdomo umejaa pini, akivuta mkanda chini ya kochi la mteja mmoja msumbufu, aliposikia geti la bati likisukumwa. Hakuinua kichwa.

"Kochi lako halijaisha," alisema na pini zake mdomoni. "Na ukija kuniuliza tena litachelewa zaidi."

Hakujibiwa. Alipogeuka alimwona mtoto wa kaka yake amesimama pale, ameshika taya lake kwa viganja viwili kama mtu aliyebeba chungu kilichopasuka na hataki vipande vidondoke.

Pini zikamtoka shangazi mdomoni.

Chiriku, ndivyo walivyomwita tangu utotoni, kwa sababu aliamka akiongea na kulala akiongea. Marehemu baba yake alikuwa akisema, huyu mtoto akinyamaza mjue nyumba inaungua. Sasa alikuwa mwanamke mzima, mke wa mtu, na alikuwa amenyamaza. Jicho la kushoto limefumba. Mdomo umehama mahali pake. Shingoni alama za vidole zilikuwa zimeanza kugeuka zambarau.

"Taratibu?" shangazi aliuliza.

Chiriku akafumba jicho lililobaki, maana kichwa hakikutikisika.

Taratibu ndiye mumewe. Alikuwa mwalimu wa udereva, na jina hilo alipewa na wanafunzi wake, kwani kutwa nzima aliwaambia "taratibu, taratibu" kwa sauti laini kama pamba, hata mtu akikaribia kugonga ukuta. Shati lake halikuwahi kuwa na kunjo. Watu wa mtaani kwake wangeapa kwamba hajawahi kumfukuza hata paka. Lakini simba mwenda pole ndiye mla nyama, na Chiriku alikuwa amelijua hilo kwa mbavu zake tangu mwaka wa kwanza wa ndoa. Mara hii kosa lake lilikuwa kucheka kwenye simu. Alikuwa akiongea na rafiki yake wa shule, akacheka, na Taratibu akamwondoa simu sikioni kwa upole, akaiweka mezani, halafu akampiga kwa kitako cha pasi.

Hospitalini daktari aliyafunga mataya yake kwa nyaya, la juu na la chini pamoja, ili mfupa uunge. Chakula kingekuwa cha mrija tu: maziwa, supu iliyochujwa, na unga maalumu wa wagonjwa. Kisha akamkabidhi shangazi koleo dogo la kukatia waya.

"Mama, hili lisiwe mbali naye. Likae shingoni kwake au mfukoni mwako. Akitapika na nyaya zimefungwa, matapishi hayana pa kutokea. Yatarudi kwenye mapafu. Hutapata muda wa kuniita mimi wala mtu mwingine. Unakata hapa, hapa, hapa na hapa." Alimwonyesha kwa ncha ya kalamu. "Usiogope damu."

"Damu siiogopi," alisema shangazi.

Polisi walichukua maelezo, wakaenda nyumbani kwa Taratibu, wakakuta mlango umefungwa. Walisema wataendelea kumtafuta. Shangazi alimpeleka mtoto wake kwenye chumba cha nyuma cha karakana, kilichokuwa na kitanda, jiko la gesi, na marundo ya sponji hadi darini. Pale aliona pana usalama. Taratibu hakuwahi kufika. Alikuwa amemkataza mkewe kumtembelea yule aliyemwita "mwanamke wa nyundo", na karakana yenyewe ilikuwa imehamia mtaa ule baada ya katazo hilo. Hata ndugu hawakuambiwa. Siri ya mtungi aijuaye ni kata, shangazi alisema, na kata zilikuwa mbili tu, yeye na Chiriku, na mmoja wao amefungwa mdomo kwa waya.

Unga wa wagonjwa na dawa ya maumivu vilipatikana kwenye duka kubwa la dawa, lile lenye matawi kila upande wa mji na taa za kijani usiku na mchana. Shangazi alikwenda na karatasi ya daktari. Muuzaji, mwanamke mchangamfu aliyevaa koti jeupe, aliandika jina la mgonjwa kwenye kompyuta, uso wake ukang'aa.

"Huyu ni mteja wetu wa zamani! Ana akaunti na pointi zake kabisa. Unga tutakuletea kesho, hapa umeisha. Nipe tu mahali, mama, usihangaike kurudi."

Shangazi aliona ni bahati. Akamwelekeza: nyuma ya kituo cha mafuta, pita gereji ya mchomea vyuma, geti la bati la bluu, karakana ya makochi. Yule dada akaandika kila neno.

Mzigo ulikuja kweli, kwenye mfuko wa karatasi wenye kibandiko. Chiriku aliupokea, akakisoma kibandiko, akauachia ukaanguka. Shangazi alidhani maumivu. Chiriku akamshika mkono kwa nguvu, akamwonyesha. Chini ya jina lake palikuwa na namba ya simu, tarakimu za katikati zimefichwa kwa nyota, za mwisho ziko wazi. Akachukua chaki ya kukatia kitambaa, akaandika juu ya kipande cha velveti nyeusi: NAMBA YAKE.

Siku ile walipofunga ndoa walifungua akaunti moja ya familia pale dukani, kwa sababu ya punguzo, na mume ndiye aliyeandika namba yake. Kila kilichonunuliwa kwa jina la Chiriku, ujumbe ulikwenda kwake. Alikuwa akiujua hata mwezi ambao mkewe hakununua pedi.

Shangazi alipiga simu huduma kwa wateja. Chiriku alikaa pembeni, magoti yamegusana, akimtazama.

"Mwanangu, ondoa ile namba kwenye akaunti," shangazi alisema baada ya kueleza. "Na mahali pa kupelekea mzigo, pafute."

"Nakuelewa, mama," sauti ya msichana ilijibu. "Lakini siwezi kuzungumzia akaunti ya mtu mwingine. Ni kanuni ya faragha. Mwenye akaunti apige mwenyewe."

"Mwenyewe mdomo umefungwa kwa waya!"

"Pole sana kwa hilo. Basi anaweza kufanya kwa njia ya programu ya simu."

Walipakua programu. Chiriku akaandika jina, akaandika tarehe ya kuzaliwa, akagusa palipoandikwa "badili namba". Kioo kikatulia kidogo, kisha kikaleta maneno: *Kwa usalama wako, tumetuma namba ya uthibitisho kwenye simu iliyosajiliwa.*

Simu iliyosajiliwa ilikuwa mfukoni mwa Taratibu.

 Kompresa ya mashine ya pini ilijaza upepo, ikazima yenyewe. Kisha shangazi akapiga kituo cha polisi, akaambiwa yule afisa anayeshika faili yuko nje, atapigiwa. Akampigia rafiki yake wa ng'ambo ya mji, wakakubaliana amchukue Chiriku asubuhi itakayofuata. Akafunga geti kwa kufuli. Asubuhi akafungua kufuli hiyo, kwa sababu rafiki alikuwa njiani.

Aliyeingia hakuwa rafiki.

"Shikamoo, shangazi."

"Marahaba," shangazi alijibu, na kwa muda mrefu baadaye neno hilo lilimchoma kuliko kipigo chenyewe. Lilimtoka lenyewe, kama kupiga chafya. Alikuwa ameinama kwenye kochi, mashine ya pini mkononi, na pale mlangoni alisimama Taratibu katika shati jeupe lililopigwa pasi.

Alifunga geti nyuma yake na kuweka komeo, polepole, bila kelele.

"Duka la dawa wana huduma nzuri sana," alisema. "Nimewaambia mke wangu mgonjwa, nina wasiwasi, mzigo umefika? Wameniambia mpaka rangi ya geti." Akatabasamu. "Yuko wapi?"

"Nani?"

Alimpiga teke la tumbo. Hakukasirika, hakupandisha sauti. Alimpiga kama mtu anayesukuma kiti kilichomzuia njia. Shangazi akaangukia mgongo kwenye kochi lisilo na sponji, springi zikamchoma kila mahali. Taratibu aliokota mguu wa kochi uliokuwa sakafuni, mti mgumu uliochongwa, akaupima uzito mkononi.

"Taratibu tu, shangazi. Sina ugomvi na wewe. Nataka mke wangu."

"Kamtafute kaburini kwa mama yako!"

Alipoinua ule mti, shangazi alimrukia miguuni. Alikuwa mwanamke mnene mwenye mikono ya miaka mingi ya kuvuta ngozi na gunia, na mashine ya pini haikuwa imemtoka mkononi. Akaikandamiza kwenye paja la Taratibu, akabana. Mashine ikatema. Akabana tena, na tena, pini zikizama katika nyama kupitia suruali, naye Taratibu akatoa sauti ambayo shangazi hakuwahi kumsikia nayo, sauti nyembamba ya mbuzi. Shati halikuwa jeupe tena.

Mti ukashuka. Ulimpata shangazi kwenye kifundo cha mkono wa kulia, na alisikia mfupa ukivunjika kabla hajahisi. Mashine ikaanguka, bomba la upepo likachomoka na kuanza kujipigapiga sakafuni kama nyoka, likipuliza vumbi na nyuzi hadi karakana ikawa ukungu. Mti ukashuka begani. Ukashuka mgongoni. Alijikunja, akahesabu kwamba akiinua kichwa atakufa, basi hakukiinua.

Kisha kipigo kikakoma, na hilo ndilo lililomtisha.

Chiriku alikuwa ametoka. Alisimama katikati ya vumbi na nyundo mkononi, anapumua kwa pua, puani kunapiga mluzi. Hakuweza kupiga kelele kuita msaada, hakuweza kumlaani. Kilichomtoka kilikuwa mngurumo wa chini kooni. Akatupa nyundo gotini mwa mumewe kwa nguvu zake zote. Goti likapokea. Taratibu akachuchumaa, uso umegeuka majivu, lakini mikono yake ilikuwa mizima, na alipomshika Chiriku kwa nywele alimvuta chini kirahisi, kama mtu anayeshusha pazia.

"Kimya chako hiki kimenifurahisha," alimwambia, karibu na sikio. "Ungekianza mapema."

Akampiga ngumi ya tumbo. Moja, halafu nyingine mahali pale pale.

Shangazi aliona kila kitu kutoka sakafuni. Aliona macho ya Chiriku yakitoka, mashavu yakijaa, maziwa ya asubuhi yakichuruzika kati ya meno yaliyofungwa, yakitoka puani. Mikono yake ikaenda kooni. Taratibu alimwachia na kurudi nyuma hatua moja kwa kinyaa, asije akachafuka.

Shangazi hakumjali tena. Taratibu angeweza kumpiga mti kichwani wakati ule, naye asingejua. Alitambaa. Mkono wa kulia ulining'inia kama soksi yenye mawe ndani, akauburuta. Alimlaza Chiriku ubavu, akalikuta koleo shingoni mwake kwenye uzi, akalishika kwa mkono wa kushoto, mkono ambao haukuwahi kumfanyia kazi yoyote ya maana. Uso wa Chiriku ulikuwa umeanza kuwa wa bluu.

"Hapa," shangazi alisema kwa sauti. Koleo likateleza, likakata fizi. Damu. "Hapa." Waya ukakatika kwa mlio mdogo. "Na hapa." Nyuma yake alisikia geti likipigwa kwa chuma, bati likipasuka, mtu akipiga kelele, "Kuna nini humo? Fundi! Fundi!" Hakugeuka. Waya wa mwisho ulikuwa nyuma kabisa, akaingiza vidole, akauhisi, akakata.

Alivuta taya chini. Lilishuka kwa mlio ambao hakuna mtu anayepaswa kuusikia kwa mtoto wake. Matapishi yakamwagika pamoja na damu na kipande cha jino, halafu Chiriku akavuta pumzi, akailipia pumzi hiyo kwa ukelele. Mtaa mzima uliusikia. Tangu alipofika pale kwa shangazi yake, hiyo ndiyo ilikuwa sauti yake ya kwanza.

Aliyevunja geti alikuwa mchomea vyuma wa jirani, jitu la miraba minne, miwani yake ya kazi bado iko kwenye paji la uso. Alimkuta Taratibu anachechemea kuelekea mlango wa nyuma, akamkunja kwa pigo moja tu la nondo mgongoni, akamkalia. Mafundi wa gereji wakaingia, wapita njia wakaingia. Walipomwona Chiriku, walipouona mkono wa shangazi, hakuna aliyeuliza maswali. Walimburuta Taratibu hadi nje. Mmoja alikuja na spana. Mwingine alikuja na jiwe la kuzuia tairi.

"Mama, sema!" mtu alimwita shangazi. "Tummalize?"

Wote wakamtazama. Mchomea vyuma naye akamtazama. Shangazi alikuwa amekaa sakafuni, kichwa cha Chiriku mapajani mwake, na anachokumbuka ni kwamba hakusema hapana. Hakusema ndiyo pia. Alinyamaza, akasubiri, na moyoni alikuwa akisema, harakisheni. Walimpiga mateke mawili matatu ya uso, meno yakaruka kwenye vumbi, na jiwe lilikuwa limeinuliwa pale mchomea vyuma alipolisukuma pembeni.

"Nyie, acheni. Mkimuua, kesho tutafungwa sisi badala yake. Acheni nimesema!"

Polisi walimchukua akiwa hai. Mchomea vyuma alipoulizwa baadaye, alisema tu kwamba fundi wa makochi ni mtu wake wa karibu, na hakutaka damu ya yule mtu imwagike kwenye mlango wa jirani yake. Shangazi hakumshukuru kwa hilo. Alimshukuru kwa geti.

Taya la Chiriku lilifunguliwa upya na kupigiliwa vyuma. Mkono wa shangazi ulipasuliwa mara mbili. Walilazwa wodi moja, vitanda viwili vinavyotazamana, na ilikuwa pale, asubuhi moja wauguzi wakibadilisha shuka, ndipo simu ya shangazi ilipoita kwa ujumbe. Alikuwa ameacha namba yake kwenye ile simu ya huduma kwa wateja.

*Mpendwa mteja, je, uliridhika na huduma yetu? Tuma namba 1 hadi 5.*

Aliusoma. Akausoma tena. Akamwomba muuguzi viatu vyake.

Ofisi kuu ya duka la dawa ilikuwa na mapokezi ya vioo na kochi jeupe la kona lililoshonwa vibaya. Shangazi aliliona hilo hata katika hali ile. Meneja alitoka kumpokea mwenyewe, mtu wa makamo mwenye sauti ya msibani. Alikuwa na taarifa zote. Alisikitika sana. Kampuni ingegharamia dawa za mgonjwa mwaka mzima.

"Sikuja kuomba dawa," shangazi alisema. "Nataka kujua kwa nini mimi mlinikatalia na yeye mkamwambia."

"Mama, yeye alithibitishwa. Alijibu maswali yote ya usalama. Jina kamili la mteja, tarehe ya kuzaliwa, mahali alipozaliwa, jina la mama mzazi. Yote sahihi."

"Ni mume wake!"

"Ndiyo maana aliyajua."

Shangazi alimtazama aone kama anatania. Hakuwa anatania.

"Wahenga walisema kikulacho ki nguoni mwako," alimwambia. "Nyinyi mnamshika aliye nguoni, mnamuuliza nguo ina vifungo vingapi, akijibu sawa mnamfungulia mlango. Na hayo mliyouliza mliyapata wapi? Si ni yeye aliyeyajaza kwenye fomu yenu? Jina la mama yake mnalitaka la nini, nyinyi wauza panadoli?"

"Mama, ni utaratibu wa kawaida kwa makampuni yote."

Neno *utaratibu* ndilo lililoikata kamba ya subira yake. Kwenye meza ya mapokezi palikuwa na sanamu ya shaba, tuzo ya huduma bora. Shangazi aliinyanyua kwa mkono wa kushoto na kuirusha kwenye ukuta wa kioo. Kioo kilishuka chote kwa mara moja, kama maji. Meneja alipiga yowe na kukinga uso. Kipande kilimpasua sikio. Shangazi akarusha na kiti, akarusha na chungu cha maua, na alikuwa akiitafuta kompyuta pale walinzi walipomwangusha na kumkalia juu ya plasta ya mkono wake. Maumivu yalimpeleka gizani. Alipozinduka alikuwa kwenye benchi la kituo cha polisi.

Mambo ya Mungu hayana mwisho: kule kwenye lile benchi ndiko alikopata wakili. Alikuwa mwanamke mfupi aliyekuja kwa mteja mwingine, akasikia polisi wakicheka habari ya bibi aliyevunja ofisi kwa tuzo ya huduma bora, akaomba aambiwe yote. Aliposikia hakucheka. Alisema iko sheria ya kulinda taarifa za watu, na iko tume inayosikiliza malalamiko ya namna hiyo, na kwamba kioo kitalipwa lakini kampuni nayo italipa.

Haikuwa haraka. Kesi ya Taratibu ilitangulia, akafungwa kifungo kirefu, na siku ya hukumu alimwamkia hakimu kwa adabu. Ndipo tume ikawaita watu wa duka la dawa, na wakili akawalazimisha walete simu ile iliyorekodiwa.

Waliicheza katika chumba kisicho na madirisha. Sauti ya Taratibu ikajaa pale ndani, laini, yenye wasiwasi wa mume mwema. *Dada yangu, samahani kwa usumbufu. Mke wangu hawezi kuongea, mgonjwa. Nimeona mtu anajaribu kubadili namba kwenye akaunti yetu, nimeogopa. Mzigo wake ulikwenda wapi?* Na sauti ya msichana, yule yule aliyemkatalia shangazi, ikamuuliza yale maswali manne, ikamshukuru kwa kuwa makini na usalama wa familia, ikamsomea: nyuma ya kituo cha mafuta, pita gereji ya mchomea vyuma. *Geti ni la rangi gani, dada, nisije nikapotea?* La bluu, kaka. *Mungu akubariki.*

Shangazi alihisi kila neno mahali pake: hili kifundoni, hili begani, hili mgongoni. Chiriku aliinama na kuziba masikio.

Ilijulikana pia kwamba wateja wengine walikuwa wamelalamika juu ya akaunti hizo za familia, na wakubwa wakaona kuzitenganisha kutapunguza mauzo. Mwanasheria wa kampuni alijaribu kusema hicho ni kitu kingine. Tume haikuona hivyo. Kampuni ilitozwa faini, ikaamriwa kuzivunja akaunti hizo na kufuta taarifa ambazo haikuwa na haja nazo, na Chiriku akalipwa fidia. Fedha hizo zilirudisha meno. Hazikurudisha vidole viwili vya shangazi, ambavyo havikunjiki tena, na sasa anakata kitambaa kwa mkono wa kushoto, pole pole, huku akitukana.

Walipotoka chumbani, yule msichana wa simu alikuwa amekaa kwenye benchi la ukumbini, mkoba umekumbatiwa kifuani. Alikuwa mdogo kuliko sauti yake. Alipowaona akasimama.

"Dada," alimwambia Chiriku. "Alikuwa na adabu. Watu hututukana kutwa nzima, na yeye alikuwa na adabu. Kila jibu lilikuwa sawa. Siku ile nilisifiwa kwa kumhudumia haraka." Akaushusha mkoba kifuani. "Sijui niseme nini."

Chiriku alimpiga kofi.

Lilikuwa kofi la mkono mzima, lililotoka begani, na mlio wake ulirudi kutoka kwenye kuta. Msichana aliyumba, akashika ukuta. Hakulia, hakujikinga. Alama za vidole zikaanza kujitokeza shavuni, moja moja.

"Niongeze," alisema. "Ukitaka."

Mkono wa Chiriku ulikuwa bado uko juu. Aliutazama kama kitu alichokiokota njiani. Shangazi alimwona akipumua kwa pua, ule mluzi tena, na akajua pale pale kwamba yeye mwenyewe angetaka lije la pili. Hakusema kitu, kama siku ile ya jiwe.

"Kaa chini," Chiriku alimwambia msichana. Taya lake lilikuwa limeunga upande, maneno yakitoka yamekwaruzika, lakini yalitoka. "Kaa, nimesema. Utaanguka."

Msichana akakaa. Chiriku akakaa mwisho mwingine wa benchi, mbali naye, akaweka mkono ule chini ya paja lake, akaukalia. Walikaa hivyo, hakuna aliyemtazama mwenzake, mpaka wakili alipotoka na karatasi za kutia sahihi na kuwauliza kuna nini.

"Hakuna," Chiriku alisema.

Shangazi ndiye aliyezichukua zile karatasi, akazishikia magotini kwa mkono wake mbovu ili mtoto wa kaka yake apate pa kuandikia.